Tachibana Takashi: huyu mwandishi wa Japani alimng'oaje waziri mkuu bila kuvujishiwa hata karatasi moja?

Kalamu_Mkaa:

Wakuu habari za jioni. Mimi ni mwandishi mchanga, niko na gazeti dogo huku mkoani, mwaka wa pili sasa. Juzi kati tulikuwa na semina ya siku mbili, mzee mmoja aliyekuwa anatufundisha akagusia kwa kupita tu jina la Mjapani anaitwa Tachibana Takashi, akasema huyu bwana mwaka 1974 aliandika makala moja kwenye jarida na haikufika hata miezi miwili waziri mkuu wa Japani akatangaza anaachia ngazi, halafu mzee akaenda zake kunywa chai na aliporudi akaendelea na habari za posho na risiti, ikawa imeisha hivyo.

Sasa mimi toka siku hiyo silali vizuri. Nimejaribu kusoma huku na kule ila nyingi ni Kijapani. Nachotaka kujua ni hivi, alikuwa na mtu wa ndani serikalini? Gazeti gani lilimkingia kifua? Na baada ya hapo aliishije, maana mtu akishapiga bao kama hilo mara nyingi anabaki kulisimulia hilohilo mpaka anazeeka.

Nauliza kwa sababu mhariri wangu kila siku ananiambia dogo kama huna mtu wa ndani huna stori. Wajuzi njooni.

Shemeji_wa_Taifa:

Nimevuta kiti, karanga zangu mkononi, nasubiri wajuzi.

Mpwa_Saitama:

Mleta uzi umenigusa, nipo huku mwaka wa 11 sasa, kazi yangu ni yadi ya magari haya yanayokuja huko kwenu, Kijapani nasoma kwa kukokota lakini huyu mzee nimemsoma sana kwenye treni.

Nianze na lile la mtu wa ndani. Hakuwa naye. Na wala hakuwa mwandishi wa gazeti, hapo ndo utamu ulipo. Tachibana kazaliwa Nagasaki 1940, akasoma fasihi ya Kifaransa Chuo Kikuu cha Tokyo, akamaliza 1964 akaajiriwa na kampuni ya Bungeishunju kwenye jarida lao la kila wiki. Wakamwambia nenda kaandike habari za besiboli. Yeye besiboli haitaki hata kuisikia. Akakaa miaka miwili na kidogo akaacha kazi, akarudi chuo kilekile kusoma falsafa, na hapo katikati migomo ya wanafunzi ikakifunga chuo, akawa anaandika vimakala vya kujitegemea ili ale, kuna kipindi mpaka baa alikuwa anaendesha pale Golden Gai Shinjuku, vichochoro vya vibaa ambavyo wakiingia watu saba basi wa nane anasimama nje. Huyo ndo mtu aliyekuja kumwangusha Tanaka Kakuei.

Na Tanaka hakuwa mtu wa mchezo. Mtoto wa Niigata huko kwenye theluji, elimu yake ni shule ya msingi, akaingia kwenye ujenzi, akaingia bungeni, akawa waziri mkuu mwezi wa 7 mwaka 1972 akiwa na miaka 54. Walimwita buldoza lenye kompyuta. Watu walimpenda balaa. Ila kila mtu alikuwa anajiuliza kimoyomoyo, huyu hela anatoa wapi? Mshahara wa mbunge unajulikana, nyumba yake ya Mejiro hapa Tokyo inajulikana, ile bustani na bwawa la samaki wa mapambo ambao mmoja tu ni bei ya gari, na kwenye uchaguzi wa 1974 hela ilimwagwa kiasi kwamba watu waliuita uchaguzi wa pesa.

Sasa mhariri wa jarida la mwezi la Bungei Shunju (naye jina Tanaka, hawana undugu) akampa Tachibana hiyo kazi, akampa na watu kama 20 wa kukusanya. Walichofanya wakuu ni kazi ya kuchosha kuliko zote. Walienda ofisi za usajili wa ardhi wakaomba hati, viwanja na mashamba, hiki nani kanunua, lini, kakiuza kwa nani. Wakaenda usajili wa makampuni, nani mkurugenzi, ofisi iko mtaa gani. Wakachukua ripoti za fedha za siasa ambazo serikali yenyewe inatangaza. Halafu kuna maktaba moja ya majarida, ya Oya Soichi, huyu alikuwa mwandishi naye, alikusanya majarida maisha yake yote mpaka yale ya udaku ambayo maktaba za serikali zilikuwa hazihangaiki nayo, alipofariki ikafunguliwa kwa watu wote 1971. Tachibana akazama mle akatoa kila kipande kilichowahi kuandikwa kuhusu Tanaka, miaka na miaka.

Ukiyasoma makaratasi hayo moja moja huoni kitu. Kampuni fulani imenunua ardhi, so what, ndo biashara. Akaanza kuyapanga kwa tarehe na majina. Ndipo ikaonekana kuna kampuni hewa, zipo kwenye daftari tu, wakurugenzi ni madereva, makatibu, marafiki wa zamani wa Tanaka walewale wanazunguka. Mfano uliopigiwa kelele zaidi ni bonde la mto Shinano pale Nagaoka, mto mrefu kuliko yote Japani. Kampuni moja kati ya hizo ilinunua ardhi ya kandokando ya mto kwa wakulima kwa bei ya kutupa, maana si inafurika kila mara, nani anaitaka? Baadaye wizara ya ujenzi ikaweka tuta, likaja na daraja. Ardhi ikawa dhahabu. Hakuna aliyevujisha chochote hapo, tarehe ya kununua ipo kwenye hati na tarehe ya tuta ipo serikalini, mtu alichofanya ni kuziweka tarehe mbili kwenye karatasi moja.

Kwa hiyo mwambie mhariri wako kwa heshima zote, mtu wa ndani alikuwa ni daftari la ardhi.

Kalamu_Mkaa:

Mkuu umeua. Hapo kwenye tarehe mbili nimeishia kusimama na kutembea chumbani. Lakini nauliza, hayo si yalikuwa wazi kwa kila mtu, magazeti makubwa ya Tokyo yenye waandishi maelfu yalikuwa wapi??

DadaMhariri:

Nimeingia kusoma nikajikuta najibu. Nimekaa kwenye chumba cha habari miaka 18 kwa hiyo swali la mdogo wangu Kalamu linanihusu.

Magazeti yalikuwepo, tena yamekaa karibu mno. Japani wana utaratibu wa klabu za waandishi, kila wizara, kila chama kina chumba chake na waandishi wake wa kudumu, mnakunywa chai na mheshimiwa, mnamsindikiza nyumbani usiku, anawaita kwa majina. Makala ilipotoka mwezi wa 10 mwaka 1974 wengi wao waliguna tu, wakasema mbona haya sisi tulikuwa tunayajua. Na si uongo, walikuwa wanayajua! Ndo ugonjwa wenyewe. Wiki mbili nzima magazeti makubwa kimya kama hakuna kilichotokea.

Kilichopasua jipu ni waandishi wa nje. Tarehe 22 Oktoba Tanaka alialikwa chakula cha mchana na klabu ya waandishi wa kigeni Tokyo, akaenda akitegemea ataulizwa mambo ya dunia. Wakamuuliza makala. Swali la kwanza makala, la pili makala. Akakasirika, kikao kikaisha kabla ya wakati. Kesho yake ndo magazeti ya Tokyo yakaweka ukurasa wa mbele, kwa sababu sasa walikuwa na habari ya kuandika, waziri mkuu kabanwa na wageni. Tarehe 26 Novemba akatangaza anaondoka, Desemba 9 akatoka rasmi.

Mpwa umeeleza vizuri sana lakini umemsahau mtu, na huwa anasahaulika kila mara ndo maana naumia. Jarida lilelile, toleo lilelile, lilikuwa na makala mbili. Ya pili aliandika Kodama Takaya, kuhusu mama aliyekuwa anashika hazina ya kikundi cha Tanaka, Sato Aki, mtu wake wa karibu tangu zamani. Kodama alikuwa ameshajaribu kuiandika hiyo habari miaka ya nyuma akiwa kwenye jarida la akina mama, wakubwa wakasukumana, ikazimwa, akaacha kazi. Inasemekana ile ya Tachibana, Tanaka aliona hesabu tu, hesabu zina majibu, lakini ya Kodama ilimwingia mpaka ndani ya nyumba. Kodama akafariki mwezi wa 5 mwaka 1975 kwa saratani ya mapafu, miaka 38. Miezi saba tu baada ya makala. Tachibana akawa jina kubwa nchi nzima, Kodama ukimtaja leo mpaka uongezee maelezo.

Shemeji_wa_Taifa:

daah

Mtwana_wa_Kilindini:

Hapa Mombasa salamu. Mimi nitaharibu sherehe kidogo, mniwie radhi. Nyinyi mwasema "alimng'oa" lakini mnang'oa jani mwasahau mzizi. Tanaka alitoka uwaziri mkuu, sawa. 1976 ikalipuka ile kashfa ya ndege za Lockheed huko kwenye baraza la seneti Marekani, wenyewe Lockheed wakasema walihonga Japani ili shirika la ndege la ANA linunue ndege zao za TriStar, mwezi wa 7 mwaka uo huo akatiwa ndani. Kesi ikaenda miaka. Oktoba 1983 ahukumiwa miaka minne na faini yen milioni 500. Miezi miwili baadaye kuna uchaguzi. Mwajua Niigata walifanya nini? Walimpa kura zaidi ya 220,000, nyingi kuliko alizowahi kupata maishani mwake.

Kwani wale ni wajinga? Mtu anakaa kijiji kimefunikwa na theluji miezi minne, mgonjwa anabebwa mgongoni kuvushwa mlima, huyu bwana akawaletea barabara, akawaletea mahandaki, hata kijiji cha kaya kama 60 kilichimbiwa handaki lake. Treni ya kasi ya Joetsu ikafika Niigata 1982. Wao wakija kuambiwa na mtu wa Tokyo aliyesoma Kifaransa na falsafa kwamba mzee wenu ni mwizi, wanamwangalia tu. Na kwenye chama Tanaka aliendelea kuwa ndiye anayechagua nani awe waziri mkuu, mpaka kiharusi kilipompata 1985. Jela hakulala kama mfungwa hata siku moja, alikata rufaa mpaka akafa 1993 kesi ikiwa bado mahakama ya juu.

Sasa nauliza, makala iling'oa nini?

Mpwa_Saitama:

Mtwana hapo umenena, na nakubali nusu. Handaki sibishi, theluji ya Niigata nimeiona mwenyewe, nilienda kuchukua gari mwezi wa pili nikakuta ukuta wa theluji umezidi kimo cha lori.

Nusu nisiyokubali ni hii, Tachibana mwenyewe hakuona kama kazi imeisha na kile cheo. Kesi ilipoanza 1977 alikuwa anaenda mahakamani, anakaa viti vya wasikilizaji, anaandika, miaka na miaka, ikatoka vitabu vinne vya kesi peke yake. Kila wakili wa Tanaka aliposema hela haikupokelewa yeye anarudi kwenye mfululizo wa tarehe. Wewe wa karanga hapo juu umegusa penyewe bila kujua, maana risiti mojawapo kwenye kashfa ya Lockheed ilisema kapokea karanga 100. Karanga moja ni yen milioni moja. Mtu mzima wa kampuni kubwa, Marubeni, mawakala wa Lockheed huku Japani, anatia sahihi kapokea karanga mia. Na hizo hela za Tanaka zilipelekwa kwa mafungu manne, kwenye maboksi ya karatasi.

Kwa hiyo makala iling'oa cheo, hilo tu, mapenzi ya watu wa Niigata haikuyagusa na sijui kama karatasi inaweza. Ila ilifanya kitu kingine, baada ya hapo huku Japani mtu wa kujitegemea asiye na klabu wala kadi akawa anachukuliwa kama mtu. Hapo nadhani hatutofautiani sana.

Shemeji_wa_Taifa:

Karanga 100 😂😂 mimi hizi zangu ni za mia tano tu jamani msinikamate

Kalamu_Mkaa:

Nimecheka peke yangu kwenye daladala. Asante kaka Mtwana pia, hiyo ya kura 220,000 ndo ilikuwa inanikosa, maana hata huku ukiandika kitu kuhusu mtu aliyejenga zahanati unaonekana wewe ndo adui wa kijiji.

Swali langu la tatu bado. Baadaye alifanya nini? Aliishi kwa Tanaka tu?

Mpwa_Saitama:

Hapana, na nadhani Tanaka alimchosha. Alikuwa anakwenda kokote udadisi unakompeleka. Aliandika utafiti wa Chama cha Kikomunisti cha Japani, chama kikaja juu kweli kweli, kwa hiyo wale waliodhani huyu ni mtu wa kushoto anayewinda chama tawala wakabaki wameduwaa. Akaandika vyama vya ushirika wa wakulima. Halafu ghafla 1983, mwaka uleule wa hukumu, anatoa kitabu kuhusu wanaanga wa Marekani. Alienda kwao mmoja mmoja akawauliza swali ambalo kwa mtazamo wangu ni la mtoto, ulipoiona dunia kutoka juu ulijisikiaje, maisha yako yalibadilika? Wengine walirudi wakawa wahubiri, mwingine akachanganyikiwa akili, mwingine akaingia siasa. Mwanaanga wa Japani Noguchi Soichi amesema alikisoma akiwa sekondari na ndo kikamsukuma.

Kisha akaingia kwenye kifo cha ubongo. Katikati ya miaka ya 80 wizara ya afya ilikuwa na vigezo vya kusema mtu kafa wakati moyo bado unadunda, yeye akasoma vitabu vya udaktari kama anaenda kufanya mtihani, akaandika kitabu 1986 akasema vigezo vyenu vina matundu. Madaktari wengine walimkasirikia, wengine wakamwita. Akakaa na Tonegawa Susumu, yule wa Nobel ya 1987, akamhoji mpaka tukapata kitabu ambacho hata mimi muuza magari nilielewa kinga ya mwili inafanyaje kazi. Akaenda kwa watu waliokaribia kufa wakarudi. Hapo kuna watu walimkimbia wakasema mzee sasa anaingia kwenye mambo ya mizimu, na kusema ukweli kuna kurasa nami nilikuwa naruka.

Kitu kimoja nilikiona kwa macho. Alikuwa na jengo lake hapa Koishikawa, Tokyo, wanaliita Jengo la Paka, alilijenga 1992 kwa ajili ya vitabu maana sakafu za kukodi zilikuwa zinamshinda. Nilienda Jumapili moja. Liko kwenye mteremko, jembamba, jeusi, na ukutani kwenye pembe kuna uso wa paka mkubwa anakutazama unavyopanda. Juu ghorofa tatu na chini mbili, ndani enzi zake kulikuwa na vitabu zaidi ya laki. Nilisimama pale na mfuko wangu wa bento, chakula cha kubeba, nikamwona bibi mmoja anapita na mbwa, nikamuuliza ndo hapa? Akasema ndo hapa, lakini sasa hamna kitu. Alifariki tarehe 30 Aprili 2021, miaka 80, familia ikatangaza mwezi wa sita. Aliacha wosia watu wasimjengee maktaba wala makumbusho, vitabu viende kwa wauza vitabu vya mtumba vitawanyike. Televisheni ya NHK walionyesha mle ndani rafu tupu kuanzia chini hadi juu. Nimeshawahi kununua kitabu cha mtumba Jimbocho, mtaa wa wauza vitabu hapa Tokyo, kina mistari ya penseli nikajidanganya ni chake.

DadaMhariri:

Mdogo wangu nikuongezee mmoja ili usije ukadhani kuna njia moja tu ya makaratasi. Mtafute Kamata Satoshi, wa Aomori, kazaliwa 1938. Septemba 1972 aliomba kibarua cha msimu kiwandani Toyota, akakaa bwenini na wenzake, akafanya kazi kwenye mstari miezi sita, usiku mikono imekufa ganzi anaandika shajara. 1973 kikatoka kitabu. Wapo waliosema si haki kuingia kwa kujificha. Na karibuni hapa kuna Yokota Masuo, bosi wa maduka ya nguo ya Uniqlo alisema kwenye mahojiano anatamani waandishi waje wafanye kazi kwake waone, Yokota akamshika kwa maneno yake, akampa talaka mkewe, wakaoana upya, akachukua jina la ukoo la mke ili kwenye fomu ya kazi asijulikane, akafanya kazi madukani kama mwaka mzima.

Shemeji_wa_Taifa:

Talaka kwa ajili ya stori?? Mke wangu asiuone huu uzi.

Fundi_Giaboksi:

Wakuu mimi si mwandishi, niko gereji Ilala, nimepita tu. Dada hapo juu, huyo Kamata kiwandani alikuwa anafanya kitengo gani? Bodi, injini, rangi?

DadaMhariri:

Giaboksi kaka. Kuunganisha giaboksi.

Fundi_Giaboksi:

Unanitania.

Nimefungua giaboksi za Toyota toka 1999, mkono huu. Unajua kuna bolti fulani ukizikuta hazijawahi kuguswa toka kiwandani unazijua tu, zimekazwa zote sawasawa, hakuna iliyopitiliza, mimi siku zote naambia vijana wangu ile ni mashine imekaza, mtu hawezi. Hapa nina moja iko juu ya meza, ya zamani, imetoka kwenye pikapu ya mzee mmoja wa Kibiti. Ngoja nimalize huu mkate nikaifute nione kama ina mwaka.

Kalamu_Mkaa:

Fundi ukiuona weka picha.

Mimi kesho sina zamu, naenda ofisi ya ardhi wilayani na daftari. Kuna shamba moja njia ya kwenda machimboni lilinunuliwa mwaka fulani, na barabara ya lami ilitangazwa mwaka fulani. Sijui chochote bado. Nataka tu hizo tarehe mbili.

Mpwa_Saitama:

Beba hela ya fotokopi.